Mpangaji wa Chumba cha Uani

Dalali aliyeletwa kuiuza nyumba ya babu yangu hakuweza kutamka neno nyumba bila kulivisha kitu. Ilikuwa nyumba iliyotulia. Ilikuwa nyumba ya kimkakati. Ilikuwa nyumba isiyo na makandokando. Alisimama barazani, mitaa miwili kutoka sokoni Kariakoo, shati limemkaa vizuri kuliko alivyostahili, akaizungusha simu yake kupiga picha, na kila alipobonyeza alitoa sifa mpya. Mimi maneno ndiyo kazi yangu. Nimekaa siku nyingi nikitafuta neno moja la kuelezea rangi ya bati lenye kutu baada ya mvua, na nililikosa. Kumwona mtu yule akiyamwaga maneno kama maganda ya miwa kuliniudhi.

Nyumba yenyewe ni ya kawaida ya zamani: ukumbi mrefu katikati, vyumba kila upande, na nyuma ua wenye jiko, choo na bomba. Vyumba viwili vya mbele vilishageuzwa fremu za maduka, vinauza mabegi ya wasafiri na ya wanafunzi. Pande zote tatu zilizobaki majirani waliuza, wanunuzi wakabomoa, maghorofa yakaota. Jua linafika uani kwetu saa sita mchana tu. Huingia, hukaa kidogo kama mgeni aliyekuja kutoa pole, huondoka.

Kwenye chumba cha uani anaishi shangazi yangu, dada wa pekee wa marehemu baba. Humo ndimo alimozaliwa, humo ndimo alimorudi alipoachika, na mlango wa humo ndio alioufungua usiku na mchana kwenda kumgeuza babu kitandani mpaka babu akafariki, kisha bibi naye. Anashona foronya, mashuka na sare za shule. Ukiingia ukumbini, kabla hujaona mtu yeyote, utasikia cherehani.

Aliyekuwa anauza ni baba mkubwa, kaka yao mkubwa. Mahakama ilimteua kuwa msimamizi wa mirathi, na tangu siku hiyo alianza kutembea kama mtu aliyeijenga nyumba kwa mikono yake. Yeye anaishi Ilala, kwake, kwenye nyumba yenye geti. Ni mstaafu wa ofisi. Mfukoni mwa shati hubeba kalamu za rangi mbalimbali, na sikuwahi kumwona akiandika na hata moja. Baada ya baba kufariki, fungu lake lilibaki kwetu sisi watoto, na ndugu zangu wako mikoani, kwa hiyo kwenye mambo ya nyumba mimi ndiye niliyekuwa nakaa kwenye kiti cha baba.

Aliniita jioni moja, tukakaa barazani watatu, yeye, mimi na dalali.

"Wewe si ndiyo unaandika vitabu," alisema. "Tuandikie ukurasa mmoja. Uwe mzuri."

"Ukurasa wa nini, baba mkubwa?"

"Maelezo ya muuzaji. Mnunuzi amepatikana, Mangi, yule wa vyombo vya plastiki kule Msimbazi. Hela anayo, lakini wakili wake anataka muuzaji aseme kila kitu kwa maandishi na asaini. Hati ina jina la nani, kodi ya ardhi imelipwa, nyumba haijawekwa rehani, haina kesi, na nani wamo ndani. Ndiyo sheria."

"Sheria ya Upanga hiyo," alidakia dalali. "Mawakili wakikaa kwenye vile vijumba vyao vya ubaridi wanakosa kazi, wanatunga maswali. Zamani mzee tulikuwa tunauza kwa mashahidi wawili na kreti ya soda."

Niliandika. Hati ina jina la babu, msimamizi ni fulani, kodi imelipwa. Kwa kweli ilikuwa kazi nyepesi, hata nikaanza kufurahia ukavu wa sentensi zile. Kulikuwa na heshima fulani ndani yake, heshima ambayo watu waliokaa mbele yangu hawakuwa nayo. Tukafika kwenye waliomo.

"Andika wapangaji wa fremu," alisema baba mkubwa.

"Na shangazi."

Akaitazama barabara. Mkokoteni ulikuwa unapita na majora ya vitambaa, akauangalia mpaka ukakata kona.

"Shangazi yako alishapewa chake."

"Alipewa nini?"

"Cherehani. Alipoachika babu yako alimnunulia cherehani mpya kabisa. Ile ndiyo ilikuwa haki yake."

Sikujua nicheke au niinuke. Nyumba nzima, kiwanja Kariakoo, ambako watu wanapigania upana wa mlango, halafu mtoto wa tumbo moja fungu lake ni cherehani aliyopewa na baba yake akiwa hai, ili asikae anapiga miayo. Na mtu anayesema hivyo anasema kwa sauti ya kukumbuka jambo linalojulikana na wote.

Dalali akaniona. Akasogea karibu, akashusha sauti kama daktari.

"Sikiliza, msomi. Ukimwandika, wakili atataka asaini. Akitakiwa asaini, atauliza anapata nini. Akishauliza, biashara imekufa, Mangi anavuka barabara ananunua kwa jirani. Tumwite mpangaji. Mpangaji haulizwi chochote."

"Siandiki hivyo."

"Unaandika uongo mwaka mzima," alisema baba mkubwa, "unaenda kuusoma kwenye makongamano, watu wanakupigia makofi. Leo uongo wa mstari mmoja unakushinda?"

"Uongo wangu haumtoi mtu chumbani kwake."

"Basi tuachie."

Niliwaachia karatasi. Dalali aliimalizia mwenyewe kwenye steshenari ya jirani, na nakala niliyoonyeshwa baadaye ilikuwa na maneno nyumba iliyotulia mara mbili na wapangaji watatu, wawili wa mbele, mmoja wa uani, wote wastaarabu.

Nilipita nyuma kumwambia shangazi. Hakuna kilichohitaji kuelezwa sana. Kuta za nyumba ile zilishachoka kutunza siri za mtu. Alikuwa anashona kola za sare, mguu haukusimama.

"Mnunuzi anakuja lini?" aliuliza.

"Jumamosi."

"Asubuhi au jioni?"

"Asubuhi."

"Haya." Akakata uzi kwa meno. "Nipitishie sindano hiyo."

Nilitoka pale nikiwa na hasira kwa ajili yake, na nikiwa nimeshaitunga, kichwani, hotuba yake. Nilimwona amesimama mlangoni, mikono kwenye miimo, akisema kwamba kuta hizi ni mwili wake. Nilijisikia vizuri sana. Nilitembea mpaka Mnazi Mmoja nikiibadilisha badilisha.

Wiki hiyo baba mkubwa alimleta fundi rangi. Sijui nani aliwaambia watu wetu kwamba nyumba huuzwa na rangi. Ule mstari wa unyevu ambao maji ya mvua huuacha kwenye kuta za ukumbi, kila masika, ulipakwa rangi ya mafuta ya kahawia mpaka usawa wa kiuno. Nyufa zilijazwa saruji na kupigwa chokaa. Pale dari ilipokuwa imeshuka na kuacha shimo juu ya ukuta, walipigilia ubao wakautundikia kalenda. Harufu ilimfanya shangazi akohoe usiku kucha, na hakuna aliyemuuliza alilalaje. Baba mkubwa alikuja kukagua, akapitisha kiganja ukutani, akakitazama kiganja kwa upendo. Alimwambia shangazi aondoe ndoo zake ukumbini, na Jumamosi, akipenda, aende kumsalimia ndugu yeyote Temeke.

"Nina sare za watu," alijibu shangazi.

Mangi alikuja mwenyewe. Nilitegemea mtu mwenye gari kubwa na miwani. Alikuja kwa miguu, viatu vina vumbi la Msimbazi, mfukoni ana futi ya kuvuta. Hakuangalia ukuta hata mmoja. Alianza kwa kupima upana wa mbele, halafu akaingia fremu ya kwanza, akasalimia, akauliza:

"Kijana, kodi yako inaisha lini?"

Akajibiwa. Akaenda fremu ya pili, swali lilelile. Ndivyo watu wanavyonunua nyumba mjini kwetu. Mpangaji hulipa miezi sita au mwaka mzima mbele, na hela hiyo anakuwa ameshaila mwenye nyumba wa zamani. Mnunuzi asipouliza atajikuta amenunua watu ambao hawezi kuwatoa. Mtoto yeyote aliyekulia Kariakoo analijua swali hilo. Dalali, ambaye kuuza nyumba ndiyo riziki yake, hakulifikiria. Baba mkubwa, aliyekusanya kodi za fremu zile kwa miaka, hakulifikiria. Walikuwa wamelitafuta neno linalomfuta mtu, wakaokota lile moja ambalo kila mnunuzi hulifuatisha swali.

"Rangi mpya kabisa, Mangi," alisema dalali tukiwa ukumbini. "Ona ukuta huu, kioo."

"Ukuta sikukuulizia, ndugu yangu. Ukuta nauvunja."

"Unavunja?"

"Wewe unaona hapa kwa pembeni watu wameacha nyumba ya chini? Nanunua kiwanja. Hayo mengine kifusi."

Baba mkubwa alikuwa bado amekiweka kiganja ukutani. Alikitoa taratibu. Nakiri kwamba ilikuwa saa tamu. Wiki nzima ya rangi, kikohozi cha dada yake, kalenda juu ya shimo, vyote vimefanywa kumficha mtu kifusi chake.

Tukatokea uani. Cherehani ilikuwa inaimba mlangoni, maana ndani hamna mwanga, na shangazi alikuwa amekaa na rundo la nguo za buluu magotini.

"Na huyu mama?" aliuliza Mangi.

"Mpangaji," walisema wote wawili pamoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Ahsante. Samahani kukukatisha kazi. Mimi ndiye nataka kununua hapa. Nilitaka nijue kodi yako inaisha lini, tusije tukasumbuana."

Mguu wa shangazi ukasimama.

"Kodi ya nini, baba?"

"Ya chumba."

"Mimi nimezaliwa humo. Mama yangu alijifungulia kwenye kitanda kile unachokiona. Ningemlipa nani kodi?"

Dalali akacheka peke yake. "Anatania, Mangi. Mama huyu ni mtani wetu sana."

"Utani wa wapi mimi na wewe?" alisema shangazi. "Mimi na wewe tumezikana wapi?"

Mangi hakumtazama dalali tena tangu hapo. Alimgeukia baba mkubwa.

"Mzee, huyu ni nani wako?"

Baba mkubwa aliangalia bomba. Lilikuwa linadondosha, na aliliangalia kama aliyepewa kazi ya kuhesabu matone.

"Mdogo wangu."

"Wa baba mmoja?"

"Baba na mama."

Mangi aligeuza ndoo, akaikalia. Mashine ya kiyoyozi ya ghorofa ya jirani ilikuwa inanguruma, maji yake yakitiririkia kwenye bati letu.

"Nisikilize, mzee," alisema hatimaye, bila ukali. "Nilinunua kiwanja kwa ndugu wawili. Wa tatu alikuwa Songea, wakaniambia alishapewa chake. Nimechimba msingi, nimeshusha nondo, amekuja na zuio la mahakama. Lile shimo limekaa, limejaa maji, watu wanatupia maganda ya machungwa. Kila nikipita naona hela yangu inaelea. Wewe nifiche nyufa, nifiche choo kimejaa, sitakulaumu, ni kifusi. Mtu usinifiche. Mtu havunjwi na nyundo."

Halafu akamgeukia shangazi, na hapo nilijiweka sawa kusikiliza, kwa sababu saa ya hotuba niliyomtungia ilikuwa imefika.

"Mama, wewe unauza au huuzi?"

"Nauza," alisema shangazi.

Sote tulimtazama.

"Nimechoka hapa. Nauza tangu mama alipofariki. Nguo nikianika hazikauki, hao wa juu wananimwagia maji ya mashine yao mchana kutwa. Sindano siioni mpaka saa sita. Mvua ikinyesha nalala na miguu juu ya kiti. Ningepata chumba na kibaraza, mahali penye jua, ningeondoka hata leo." Akazikung'uta nyuzi magotini. "Ila hapana mtu aliyeniuliza. Unaniuliza wewe, mgeni."

Nimejaribu mara nyingi kuwaelezea marafiki zangu wanaoandika nilichokiona usoni mwa baba mkubwa wakati ule, na wote wanataka iwe aibu. Haikuwa aibu. Laiti ingekuwa. Ilikuwa ghadhabu ya mtu aliyetapeliwa: mtu aliyejisumbua kupanga wizi, akaingia dirishani, akakuta mlango ulikuwa wazi na chai imeandaliwa. Uongo wote ule, steshenari, mpangaji mstaarabu, cherehani iliyogeuzwa kuwa mirathi, kwa ajili ya kupita pembeni ya mwanamke ambaye angesema ndiyo tangu siku ya kwanza. Hawakumwonea kwa sababu alikuwa kikwazo. Walimwonea kwa mazoea. Sidhani kama kuna kitu ninachokidharau zaidi duniani.

Na hotuba yangu ya kuta na mwili iliishia pale pale uani, ikapita na maji ya bati.

"Basi," alisema Mangi akisimama, "wakili ataletewa karatasi nyingine. Hii ya wapangaji watatu ichaneni."

Dalali alimfuata mpaka barabarani akimwambia kwamba yeye tangu mwanzo alishauri uwazi.

Karatasi mpya niliiandika mimi, mlangoni kwa shangazi, yeye akishona. Alitaka nisome kila mstari. Nilipofika kwake niliandika kwamba ndani ya nyumba anaishi binti wa marehemu, aliyeitunza nyumba hiyo na wazazi wake kwa uaminifu usiochoka.

"Toa hiyo," alisema.

"Lakini ni kweli, shangazi."

"Toa. Wakili atadhani naomba. Andika mrithi."

Niliandika mrithi. Akafikiri.

"Nyuma kule, waliojenga ghorofa wameula ule uchochoro wetu wa maji. Ukuta wao uko kwetu. Andika na hilo."

Baba mkubwa alikuwa amekuja kusimamia, amekaa kwenye ile ndoo. "Hilo litashusha bei," alisema.

"Ikishuka tutashuka nayo wote, kaka. Andika, mwanangu. Na kwamba hatukuwahi kuwashitaki."

Niliandika. Kilichobaki kilikuwa ukurasa mmoja usio na pambo hata moja, na mpaka leo sijaandika kitu ninachokiamini hivyo.

Siku ya kusaini tulipanda bajaji kwenda Upanga, kwenye ghorofa la zamani lenye ngazi nyembamba. Shangazi alivaa baibui lake la Idi. Wakili alikuwa dada mdogo kuliko mimi, mkavu, asiye na haraka. Alitusalimia kila mmoja kwa zamu, akauliza vitambulisho, akauliza kila mrithi fungu lake liingie akaunti gani.

"La dada lipite kwangu," alisema baba mkubwa. "Nitamtunzia. Hela nyingi hajazizoea."

Wakili aliacha kuandika. Alimtazama shangazi, kalamu imetulia.

"Ulishanitunza, kaka," alisema shangazi. "Ukanipoteza tukiwa ndani ya nyumba moja." Akatoa kwenye mkoba kadi ya benki iliyofungwa kwenye leso, akaisukuma mezani. "Lipite hapa."

Mangi alikohoa, akaangalia dirishani. Dalali, ambaye hakuna aliyemwita lakini alikuwepo, alitikisa kichwa kwa kukubaliana, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wanawake wa siku hizi wameamka. Nilimwambia anyamaze.

Kwenye ofisi ile muuzaji hutakiwa kuyasoma maelezo yake kwa sauti kabla ya kuyasaini, mbele ya wote yanaowahusu, ili kesho asije akasema hakujua ameandika nini. Baba mkubwa alichukua karatasi, akaivaa sauti yake ya msimamizi. Alisoma hati kwa madaha. Alisoma kodi ya ardhi. Alisoma kwamba nyumba haina rehani wala kesi, akasoma wapangaji wawili wa fremu na lini kodi zao zinaisha. Alipofika kwenye warithi sauti ikashuka, ikaanza kukimbia, majina yakapita yamebanana kama watu wanaowahi mlango, na alikuwa ameshafika kwenye uchochoro wa maji.

"Rudia hapo nyuma, kaka," alisema shangazi. "Sikusikia."

Akamtazama wakili ili amwokoe. Wakili alikuwa anasubiri.

Akarudisha kidole juu ya karatasi, akasoma tena, polepole safari hii, jina la dada yake lote, na la baba yao, na neno mrithi. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani, akaipangusa kwa pembe ya baibui, akaomba kalamu.